Manjano, mionzi na koo la mgonjwa

Ukipita soko la Mwanjelwa, Mbeya, ukaulizia dawa ya koo, hutoki mikono mitupu. Utapewa manjano ya unga, tangawizi, magome yaliyofungwa kwenye gazeti. Siku hizi muuzaji anaongezea: "Hii wazungu wameshaipima, inaua saratani." Maneno kama hayo ya mtaani nayajibu hapa, moja moja.

"Imeua seli maabara, itaua na kooni." Kupimwa imepimwa kweli. Kurkumini, kiini cha manjano, ilipowekwa pamoja na mionzi kwenye seli za saratani ya koo zilizooteshwa maabara, zilikufa nyingi kuliko kwa mionzi peke yake. Lakini pale seli zimeloweshwa ndani ya dawa. Ukiinywa, utumbo hufyonza kidogo mno na ini huivunja upesi, hivyo inayofika kooni ni chembe. Hata jiki inaua seli za maabara.

"Hospitali wanadharau miti." Hili ndilo linalonikera zaidi. Dosetakseli, dawa ya saratani ya dripu, hutengenezwa kutokana na majani ya mti wa Ulaya, membamba kama ya mipaini ya Sao Hill. Huikwamisha seli inapotaka kugawanyika, na hapo ndipo mionzi huiumiza zaidi. Mwaka 2023 madaktari wa hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, India, walichapisha matokeo ya wagonjwa 356 wa saratani za kichwa na shingo ambao hawakufaa kupewa sisplatini, dawa iliyozoeleka. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai kati ya waliopata mionzi na dosetakseli ni kama asilimia 51. Kwa mionzi peke yake, 42. Vidonda vya mdomoni navyo viliongezeka. Mti umesaidia, ila kwa kipimo, na daktari akiwa karibu.

"Kinacholinda mwili hakina madhara." Mionzi huua kwa kuzalisha ndani ya seli kemikali kali zinazokata vinasaba. Kinacholinda seli yenye afya chaweza kuilinda na ile mbovu. Quebec, Kanada, wagonjwa 540 waliokuwa wakipigwa mionzi walifuatiliwa: waliopewa vitamini E, mojawapo ya hivyo vinavyolinda seli, walikufa wengi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo mtajie daktari kila unachokunywa, hata kile alichokupa shangazi kwa siri.

"Nirudi kwanza nyumbani nimalize dozi ya mganga." Mionzi ya koo mara nyingi ni vipindi 35, siku tano kwa wiki, wiki saba. Ukiruka siku, seli za saratani zilizobaki huzaliana upya. Nawaelewa wanaorudi: kutoka Tukuyu hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, ni zaidi ya kilomita 800, na wiki saba za kulala na kula Dar si mchezo. Ndugu wakichanga, wachangie gharama hizo kabla ya magome.

"Aliyepigwa mionzi asiguswe." Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Bibi, mbebe mjukuu wako.