Kwa Nini Hapo?

Ajali ikitokea, swali la kwanza ni "kosa la nani?" Polisi hawana budi kuliuliza, maana kuna sheria na kuna bima. Sisi tunaochambua ajali za mijini tuna swali jingine: kwa nini hapo? Dereva mzembe anaweza kuwa popote. Lakini watu watano wakigongwa kwenye makutano yale yale, na madereva watano tofauti, uzembe hautoshi kuwa jibu.

Tunakusanya taarifa za miaka mitatu hadi mitano, kisha kila mgongano tunauchora kwenye mchoro wa makutano: gari lilitoka wapi, pikipiki ilielekea wapi, saa ngapi, lami ilikuwa kavu au imelowa. Mishale ikirundikana mahali pamoja, ndipo tunapokwenda kusimama. Magari yanayogongana kwa nyuma karibu na taa huenda yanatuambia kwamba taa haionekani mapema, au ya njano inazimika upesi mno. Waenda kwa miguu wakigongwa jioni, mita hamsini kutoka kivukoni, angalia kituo cha basi kiko wapi. Mtu aliyechoka hatazunguka. Ukimwita mkaidi hujatatua kitu, sogeza kivuko.

Kwa nini miaka mitatu? Kwa sababu mwaka mmoja hudanganya. Mahali palipopata ajali nyingi mwaka huu kwa bahati mbaya tu, mwakani zitapungua zenyewe. Ukiwa umejenga matuta hapo kati ya miaka hiyo miwili, yatapewa sifa isiyo yao. Jedwali za polisi nazo zina mapengo: mwendesha baiskeli aliyeteleza na kuvunjika mkono hupatikana kwenye daftari la hospitali, kwingine hayupo. Na kuna barabara isiyo na ajali hata moja kwa sababu watu wanaogopa kuivuka. Hiyo huwezi kuiita salama.

Karibu kila mchoro unaturudisha kwenye kasi. Tuchukue magari mawili, madereva wamemwona mtoto kwa wakati mmoja, na kila mmoja amechelewa sekunde moja kukanyaga breki. Kwenye lami kavu, gari la kilomita 30 kwa saa litakuwa limesimama baada ya mita 13 hivi. La kilomita 50 likifika hapo, breki zake hata hazijaanza kushika.

Mimi binafsi sipendi kusubiri majeruhi ndipo nipate takwimu. Siku hizi tunarekodi makutano kwa video na kuhesabu nusura, yaani ajali zilizokaribia kutokea: gari lililofunga breki ghafla, mtu aliyeruka nyuma. Zinatokea nyingi kuliko ajali zenyewe, kwa hiyo wiki chache zinaweza kutuonyesha kasoro. Nawe ukitaka kuripoti nusura kwa mamlaka ya barabara ya mji wako, taja mahali hasa, saa, na kila mmoja alikuwa anaelekea upande gani. Namba ya gari si lazima.