Petroli Haimfikii Malkia: Maelezo Kuhusu Sisimizi Moto Uani

Tangu mvua zianze, malalamiko kuhusu sisimizi moto yameongezeka, na karibu kila anayetupigia simu ameshajaribu kitu. Tunashukuru kwa bidii hiyo. Ila petroli iacheni.

Anayemwaga petroli huona waliokuwa juu wamekufa, akaridhika. Kiota chaweza kushuka zaidi ya mita 1 ardhini, na huko ndiko aliko malkia, mwenye uwezo wa kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Petroli na mafuta ya taa huua nyasi, huharibu udongo na huweza kufika kwenye maji ya kisima. Cheche moja, na anayeungua ni wewe. Kundi likinusurika, huhamia hatua chache pembeni, nasi tunapigiwa simu tena.

Katika vitu vya nyumbani, kinachostahili kusemwa ni maji yanayochemka. Lita 10 hadi 12 kwa kilima kimoja, asubuhi yenye jua baada ya usiku wa baridi, wakati malkia na mabuu wamepandishwa juu kufuata joto. Usikichokoe kilima kwanza. Watamshusha malkia chini na kukupanda miguuni. Hata ukifanya sawasawa, hufaulu takriban mara 6 katika 10, kwa hiyo rudia baada ya siku chache. Tahadhari na miguu yako, na mizizi ya mimea unayoipenda.

Maji ya sabuni huua wale tu yanaowagusa. Siki, jivu na magadi huwahamisha. Gesi ya soda ya chupa haiwazibi pumzi. Na kuhusu unga wa mahindi, ambao tumeulizwa tena wiki hii kama kweli huwavimbisha hadi wapasuke: sisimizi mzima hamezi chakula kigumu, hunywa tu, wanaomeng'enya vigumu ni mabuu. Hakuna tumbo linalovimba na kupasuka. Tafadhali.

Asidi ya boriki ni jambo jingine, kwa kuwa hubebwa hadi kwa malkia. Isizidi gramu 10 katika lita 1 ya maji ya sukari, maana ikiwa kali zaidi mbebaji hufia njiani. Huchukua wiki kadhaa. Iwekwe mbali na watoto na mifugo, na pale tu kanuni za viuatilifu za eneo lako zinaporuhusu.

Ukiumwa, usitumbue kipele cheupe kinachotokea siku inayofuata. Sumu yao kwa sehemu kubwa ni alkaloidi (kemikali chungu za asili) zenye mafuta, hivyo siki haiizimui. Pumzi ikibana au uso ukivimba, nenda hospitali papo hapo.

Sasa utaratibu. Kwanza, usiwachanganye na wengine: siafu hutembea kwa misafara na majimoto hushona majani mitini. Sisimizi moto hujenga kilima cha udongo laini kisicho na tundu juu. Ukikishuku, piga picha, weka alama mahali hapo, toa taarifa. Usituletee udongo kwenye mfuko. Wadudu hawa wa Amerika Kusini waliingia Marekani kupitia Mobile, Alabama, miaka ya 1930, na tangu 1958 nchi hiyo ina karantini ya kitaifa, yaani vizuizi vya usafirishaji, juu ya udongo, nyasi za kupandikiza, miche, marobota ya nyasi kavu na mashine za kuchimbia. Queensland, Australia, walikogunduliwa mwaka 2001, taarifa hutakiwa ndani ya saa 24. Penye karantini, kibali cha kusafirisha vitu hivyo hutangulia safari. Kukiomba baada ya lori kufika ni kosa lenye faini, na kutojua si utetezi. Tunalirudia hili kila siku. Marobota yaliyokaa chini moja kwa moja ndiyo hutiliwa shaka. Yapange juu ya saruji au mbao, na ukaguzi utakuwa mfupi.