Faili la tar na lebo ya Git: kuchukua msimbo chanzo kabla ya kufungasha

Anayeanza kufungasha programu za distro ya Linux, yaani kuzifanya vifurushi vya kusakinishwa kwenye mfumo kama Debian, huipita haraka hatua ya kupakua msimbo chanzo, ilhali mimi ndiyo inayonikalisha. Swali langu la kwanza huwa hili: faili hili limetengenezwa na nani?

Toleo moja laweza kupatikana kwa njia tatu: faili la tar (mafaili mengi yaliyounganishwa kuwa moja) ambalo watunzi wamelitengeneza na kulitia saini ya kidijitali, faili ambalo seva hulizalisha yenyewe kutoka kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, na lebo ya toleo (jina linaloonyesha hali ya msimbo wa toleo hilo) ndani ya hifadhi ya Git. Namba ya toleo ni ileile, yaliyomo si lazima yafanane. Faili la njia ya pili halina hata uhakika wa kubaki vilevile: Januari 2023, GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya Git, ilipobadilisha namna ya kuyabana mafaili hayo, msimbo wenyewe haukuguswa, lakini hashi, yaani namba za kuhakiki mafaili, zilibadilika na kazi nyingi za ujenzi zikakwama mpaka badiliko hilo lilipoondolewa.

Kwa sababu hiyo nilizoea kuchukua lililotiwa saini. Katika Debian kazi hiyo ni nyepesi: zana ya uscan husoma faili la debian/watch, hutafuta toleo jipya, hulipakua na, ikiwa imeelekezwa hivyo, hukagua saini kwa ufunguo uliohifadhiwa kwenye debian/upstream/signing-key.asc.

Kisha likaja tukio la XZ, programu ya kubana mafaili. Mlango wa siri (msimbo uliofichwa wa kumpenyeza mshambuliaji) uliofichuliwa tarehe 29 Machi 2024, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ulihitaji mistari michache ya faili la build-to-host.m4 iliyokuwamo kwenye faili la tar na haikuwamo kwenye Git, na saini ilikuwa halali kabisa, kwani aliyeitia alikuwa amekabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo. Saini humtambulisha mtoaji. Nia yake haiigusi.

Siku hizi nachukua vyote viwili, faili la tar na lebo, navifungua kando kwa kando na kuvilinganisha kwa amri ya diff -r. Tofauti kama configure, hati ya kuandaa ujenzi ambayo huzalishwa na zana za Autotools, naitarajia; nyingine yoyote naitafutia maelezo kwa watunzi. Wapo wanaoona inatosha kuizalisha configure upya, lakini mistari ile ya XZ ilikuwa ndani ya faili la m4, yaani malighafi ya configure yenyewe. Ndiyo maana, hifadhi ya Git inapokuwa kamili, najenga kutoka kwenye lebo na kuyazalisha mafaili hayo mwenyewe.