Injini ikizima angani, ndege haianguki papo hapo

Wengi wanaamini kwamba injini ya ndege ndogo ikizima angani, ndege hudondoka kama jiwe. Si kweli, na imani hii imewatia watu hofu isiyo na sababu. Kinachoibeba ndege ni mabawa, mradi hewa ipite juu na chini yake kwa kasi ya kutosha. Injini ikinyamaza, rubani huinamisha pua kidogo, na uzito wa ndege wenyewe huendeleza mwendo.

Chukua Cessna 172, ndege ndogo ambayo wanafunzi wengi wa urubani huanzia. Ikienda takriban kilomita 120 kwa saa, pasipo upepo, kila mita 1,000 za kimo huipa kilomita 9 hivi za kwenda mbele bila injini. Hizo ni dakika 4 na ushee za kuchagua shamba tambarare, kubadili tangi la mafuta, kujaribu kuwasha tena na kuita msaada redioni.

Hatari kubwa ni kuvuta pua juu kwa kuiogopa ardhi. Kasi hupungua, mabawa hushindwa kubeba, na hapo ndege huanguka kweli. Ndiyo maana injini ikizima punde tu baada ya kupaa, marubani hufundishwa kutua mbele yao, wasigeuke kurudi uwanjani wakiwa bado chini.