Kuwaka si kompresheni

Juzi Kizota dalali aliwasha pikapu ya dizeli mbele ya mnunuzi. Ikashika papo hapo. "Umeona, mzee wangu? Kompresheni hiyo!" Ilikuwa saa saba mchana, na boneti ilikuwa ya moto kabla hajagusa ufunguo.

Kompresheni ni mgandamizo. Valvu zimefunga, pistoni inapanda, hewa inabanwa. Dizeli haina plagi ya cheche; hewa ikibanwa kiasi cha kutosha hupata joto la kuzidi nyuzi 500, na mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel alipewa hataza ya wazo hilo Ujerumani mwaka 1893.

Neno letu limetoka kwenye ganda, likawa gandama, likawa gandamiza. Ni zuri, ila mimi ningechagua kushindilia, kama vijana wa Kibaigwa wanavyoshindilia mahindi, kwa sababu gunia linaonyesha kile watu wanachochanganya. Ukubwa wa gunia ulipangwa na aliyelishona. Kinachobaki ndani kinategemea kama limetoboka. Ule uwiano wa 18 kwa 1 anaokusomea mtu kwenye simu, yaani nafasi ya hewa kabla ya kubanwa na baada ya kubanwa, ni ukubwa wa gunia tu. Ringi za pistoni zikiisha au valvu zikivuja, uwiano uko palepale, mgandamizo umeshapotea.

Mgandamizo unasomwa kwa geji. Na iwe geji ya dizeli, maana za petroli nyingi zinaishia PSI 300 (PSI ni kipimo cha shinikizo), wakati dizeli nyingi zilizo nzima husoma kati ya 360 na 500. Injini ipate moto, hita plagi (za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha) au nozeli (zinazopuliza mafuta) zote zitoke, mafuta yakatwe, betri iwe na nguvu, kisha silinda moja moja. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo injini ileile itasoma pungufu ya Dar kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Huo si ubovu. Silinda moja ikisoma 400 na jirani yake 280, hapo ndipo pa kuuliza.

Injini ya moto inasitiri mengi. Ukitaka kujaribu kuwaka kwake, iwashe alfajiri ya Julai ikiwa imelala na baridi, na hata ikigoma, huenda ni hita plagi tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu dalali, gari linawaka vizuri, nakubali. Kompresheni ni ngapi, bado hujaniambia.