Fyuzi kwanza, swichi baadaye

Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea roboti ya magurudumu mawili inayotumia seli za laptopu ya zamani. Alipokuwa akinionyesha, waya wa chanya ukachomoka na kugusa chasisi ya bati, ambayo tayari ilikuwa imeshikana na hasi. Plastiki ya waya iliyeyuka mkononi mwake. Alipata malengelenge vidole viwili, na betri yenyewe ilikuwa ya volti 7.4 tu.

Hiyo "tu" ndiyo inayonitia hofu. Volti hizo hazikurushi ukizigusa, ndiyo maana watu huzidharau. Kinachounguza ni ampia, yaani wingi wa umeme unaopita. Seli ya 18650, ile ya mviringo ya lithiamu iliyomo kwenye laptopu za zamani, ikipigwa shoti hutoa makumi ya ampia papo hapo, na waya mwembamba hugeuka koili ya jiko.

Kwa hiyo mimi huanza na fyuzi, kabla hata ya swichi. Naiweka kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, maana kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Zile mota ndogo za njano hula kama ampia 1 kila moja gurudumu likikwama, hivyo kwa mota mbili fyuzi ya ampia 3 inatosha. Duka la spea za magari wanayo: ile ya zambarau. Ikikatika, usiiunge kwa waya. Tafuta shoti ilipo.

Kagua pia ganda la seli. Wengi hudhani hasi iko kitakoni peke yake, kumbe kopo zima ni hasi, hadi ukingo unaozunguka kichwa cha chanya. Kinachozitenga pande hizo mbili hapo juu ni kiplastiki chembamba na kijiduara cha karatasi. Kikichanika, seli hiyo isiingie kwenye roboti mpaka ivishwe kingine.

Seli za laptopu zipime moja moja. Nikikuta iliyoshuka chini ya volti 2, siichaji, hata kama mafundi wengine huzishtua zikaamka. Ikikaa tupu kiasi hicho, shaba ya ndani huanza kuyeyuka. Ukiichaji, shaba hiyo hujijenga pasipo pake na inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani, ambako fyuzi yako haifiki. Na roboti isizimalize hata zile nzima: mimi huizima seli yoyote ikifika volti 3.

Kuchaji, mwisho ni volti 4.2 kwa seli. Zikiwa mbili mfululizo, chaja ya volti 8.4 huona jumla tu. Moja inaweza kufika 4.3 huku mwenzake yuko 4.1. Mimi huzitoa nikazichaji kila moja kwenye nafasi yake, juu ya sakafu ya vigae, nikiwapo. Kamwe si kitandani, wala usiku nimelala.

Watoto wa shule ya msingi nawapa seli sita za NiMH (nikeli, si lithiamu), jumla volti 7.2. Hizo huvumilia makosa zaidi. Nazo naziwekea fyuzi.