Maji ya mazingira si masazo

Masika yakichelewa tu, mjadala wa maji na umeme hurudi Moshi, na kila ukirudi huja na kauli moja isiyokufa. Utaisikia redioni, utaisikia kwenye mikutano ya jumuiya za watumia maji, utaisikia hata kwa abiria wa kiti cha mbele kwenye daladala ya Kahe: "Maji ya mazingira si ni yale yanayobaki kila mtu akishachukua yake?" Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mtu aliyesomea mambo haya, na waliomzunguka wakatikisa vichwa kukubali. Basi tulizungumze.

Maji ya mazingira ni maji yanayotakiwa kuwemo mtoni, kwa kiasi chake, kwa wakati wake na kwa ubora wake, ili viumbe wa mto waendelee kuishi na watu wanaoutegemea mto huo wasiharibikiwe. Wengine huita "mtiririko wa mazingira". Ni kitu kilekile. Azimio la Brisbane, Australia, la mwaka 2007, ambalo wataalamu wengi hulirejea, linataja hayo matatu, kiasi, wakati na ubora, na linawataja watu waziwazi. Kwa hiyo si maji ya vyura peke yao, kama wanavyopenda kutania wenye mashamba.

Sasa hilo neno "yanayobaki". Kabla halijawa kosa la sayansi, ni kosa la sheria. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka foleni: kwanza maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu, pili maji ya kulinda mazingira, kisha ndipo matumizi mengine. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, ikaifuata foleni hiyohiyo: majumbani, mazingira, halafu shughuli za kiuchumi kadiri maji yatakavyopatikana. Umeme uko kundi hilo la tatu, bega kwa bega na miwa ya Arusha Chini, mpunga wa Chekereni na mashamba ya maua ya Usa River. Tukitaka kutumia neno masazo, basi wanaokula masazo ni sisi wenye mashamba na mitambo. Mto umeshapakuliwa mbele yetu.

Najua foleni ya kwenye karatasi na foleni ya kwenye mfereji ni vitu viwili. Lakini ndiyo sababu ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake hapahapa Moshi. Bodi ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji, na kibali cha mwenye shamba kule Weruweru na kibali cha mtambo wa umeme vinatoka mlango mmoja. Watu wakiambiwa kwamba Tanesco naye ni mtumia maji anayehitaji kibali kama wao, hushangaa, maana wamezoea kumwona kama serikali yenyewe.

Na niliseme hili haraka, maana nalo linachanganywa: maji ya mazingira si "mita sitini". Mita 60 ni za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nazo zinahusu kingo, yaani ardhi iliyo pembeni ya mto au ziwa. Unaweza kuzilinda mita zako 60 zote, ukapanda mikuyu na migunga hadi pakawa msitu, na katikati pasipite tone.

Haya yote ningeyavumilia. Nisilolivumilia ni kosa la pili, ambalo wanalifanya hata wenye taaluma: kusema maji ya mazingira ni "kiwango cha chini", yaani namba moja ambayo mto usishuke chini yake, na ukishaitimiza namba hiyo umemaliza kazi.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1976 Mmarekani Donald Tennant, aliyefanya kazi kwenye mito ya Montana, Wyoming na Nebraska, alichapisha jedwali rahisi la asilimia za mtiririko wa wastani wa mwaka. Jedwali lilipendwa kwa sababu halikuhitaji vifaa wala miaka ya utafiti. Ulihitaji kumbukumbu za mtiririko na kalamu. Kilichosafiri duniani kutoka kwenye jedwali hilo ni asilimia 10. Ukienda kwenye jedwali lenyewe, hiyo 10 imeelezwa kuwa ni ya samaki kunusurika kwa muda mfupi, si ya kuishi. Halafu jedwali limegawa mwaka vipindi viwili, kila kimoja na asilimia zake. Halafu, na hapa ndipo ninapochoka, Tennant aliweka pia maji ya kusafisha mto, asilimia 200 ya wastani, yaani mafuriko. Miaka zaidi ya 40 watu wamembebesha bwana huyu kiwango cha chini, wakati yeye mwenyewe alitaka mto ufurike.

Afrika Kusini waliliona hilo mapema. Wataalamu wao walianza kuujenga mtiririko wa mto kipande kwa kipande: maji ya kiangazi kiasi hiki, mafuriko madogo ya mwanzo wa mvua kiasi hiki, mafuriko makubwa ya kila baada ya miaka kadhaa kiasi hiki. Sheria yao ya maji ya mwaka 1998 ikatenga akiba yenye sehemu mbili, ya watu na ya mto. Wazo la akiba lililomo katika sheria yetu ya 2009 ni ndugu wa hilo, na ndiyo maana sheria inampa waziri kazi ya kuainisha vyanzo vya maji na kuitenga akiba ya kila chanzo.

Kwa nini naing'ang'ania tofauti hii? Kwa sababu ya bwawa la Nyumba ya Mungu.

Bwawa lile lilijengwa miaka ya 1960, mahali zinapokutana Kikuletwa inayotoka Meru na Kilimanjaro, na Ruvu inayoshuka kutoka upande wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe, zikawa mto Pangani. (Ruvu yetu, si ile ya Kibaha.) Mtambo wa pale bwawani ni wa megawati 8 tu. Kazi kubwa ya bwawa ni kuwa ghala: linakusanya maji ya masika na kuyatoa taratibu mwaka mzima ili kule chini mtambo wa Hale wenye megawati 21 na ule wa Pangani Falls mpya wa megawati 68, uliowashwa mwaka 1995, isikose maji kiangazi. Kwa mtu wa umeme, hiyo ni akili. Mafuriko ya Mei hayawezi kuwasha taa za Oktoba kama hukuyaweka mahali.

Na mtu wa umeme ataongeza jambo la kweli: yeye hali maji. Yanayoingia kwenye mtambo ndiyo yanayotoka. Tukiacha yanayopotea kwa jua kwenye bwawa lile pana lililo kwenye joto lote lile, mto ulio chini ya Nyumba ya Mungu unapata maji kila mwezi, hata miezi ambayo zamani ungekuwa mdogo sana. Kiwango cha chini kimetimizwa, tena kimepitwa. Mtu wa kiwango cha chini anapiga muhuri anakwenda zake.

Lakini chini ya bwawa kulikuwa na vinamasi vya Kirua. Vilikuwa vinaishi kwa mto kutoka kingoni wakati wa masika, ukatandaza maji mbugani, kambale na perege wakapanda kuzaliana kwenye majani, kisha maji yakarudi na kuacha malisho mabichi kwa wafugaji na madimbwi ya samaki kwa wavuvi. Bwawa lilipoanza kuusawazisha mto, ule mto wa kutapika ukawa mto wa mfereji. Vinamasi vikanywea. Hakuna aliyevuta maji ya Kirua kwa pampu. Maji yalipita palepale mtoni, ila hayakupanda tena kingo. Mkulima wa Kahe hahitaji kufafanuliwa: mvua ileile ikigawanywa kidogokidogo siku 365, hutavuna debe moja la mahindi.

Hicho ndicho ambacho "kiwango cha chini" hakiwezi kukiona, na ndiyo sababu kati ya 2006 na 2009, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, walipofanya tathmini ya mtiririko wa mto Pangani, hawakutoa namba moja. Waliweka hali mbalimbali mezani: umeme ukipewa kipaumbele, mto unakuwaje, samaki wanakuwaje, kaya za kando ya mto zinakuwaje, mazingira yakipewa, umeme unapungua kiasi gani. Udhibiti wa serikali, kwa jambo hili, ni kuchagua kati ya hali hizo na kuuandika uamuzi kwenye masharti ya vibali na kwenye taratibu za kuendesha bwawa. Haumalizwi na asilimia iliyonakiliwa kutoka Montana.

Nisiwadanganye kwamba uamuzi wenyewe ni mwepesi. Ukifungua bwawa lifurishe Kirua, maji yanayozidi uwezo wa mitambo yatapita pembeni bila kuzungusha chochote, na hayo ni umeme uliouacha. Pia maeneo yaliyokuwa yakifurika zamani yana mashamba na nyumba sasa; mafuriko ya makusudi yatakuwa na washtakiwa. Na ghala lenyewe limepata mteja mpya anayetangulia wote kwenye foleni: mradi wa maji ya kunywa wa Same, Mwanga hadi Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025, unachota Nyumba ya Mungu. Upande wa pili, hesabu ya umeme nayo imebadilika. Mitambo yote mitatu ya Pangani ni megawati 97, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Hoja kwamba kila tone la Pangani ni la mtambo ilikuwa na uzito mkubwa mwaka 1995 kuliko leo. Sisemi haina uzito; kusafirisha umeme kutoka Rufiji hadi huku Kaskazini kuna upotevu wake. Ila ipimwe upya, isirithiwe.

Kuna na wale wanaosema maji yanayofika Pangani mjini "yanapotea baharini". Hao waulizeni wakulima wa kule, ambao mto ukipungua chumvi ya bahari hupanda kuwafuata mashambani. Kusukuma chumvi nyuma ni kazi, na inafanywa na hayo maji yanayoitwa yamepotea.

Sasa, mtu akitamka maji ya mazingira mkutanoni nafurahi, hata akikosea, maana miaka ya nyuma hayakutajwa kabisa. Naomba tu turekebishe kidogo tunavyoandika mihtasari. Ile sentensi yetu ya kila mwaka, "maji ya mazingira yaachwe", haimbani mtu. Iandikwe: maji kiasi gani, kuanzia mwezi gani, kwa siku ngapi, yapimwe kwenye kituo kipi, na nani asome kipimo. Tukiijaza nafasi ya mwezi, nusu ya ubishi wetu na watu wa bwawa utakuwa umepata pa kuanzia.